Aliyesingiziwa Kufunga Mwisho wa Dunia

Mwezi uliopita nilikuwa arusini Kisesa. Mwenzangu tunayeuza naye samaki alikuwa anaozesha binti, na wenye shughuli, kwa kutojua, wakanikalisha meza moja na Makoye. Sikumtambua mpaka alipocheka. Kichwa kimekuwa cheupe, fimbo kaiegemeza kwenye kiti, anakula pilau kwa kijiko na wali unamwanguka kifuani. Nikamwamkia. Huku kwetu ndivyo tulivyolelewa: aliyekuzidi umri unampa shikamoo yake hata kama unajua mikono yake ilifanya nini, na ikikukwama kooni unaisukuma kwa soda. "Marahaba, marahaba," akasema, akanikazia macho, kisha akaniinamia sikioni maana spika zilikuwa zinapiga kelele. "Minza wewe? Umeona ziwa linavyopanda tena? Vita huko, magonjwa huku, watoto wanapiga wazazi wao. Hizi ni siku za mwisho, mwanangu." Haki ya Mungu nilitamani kummwagia ile soda usoni. Nikamwambia, "Mzee Makoye, wewe siku za mwisho ulishazila mara moja. Kula pilau." Akala.

Nilirudi Mwanza na hasira ambayo sikujua kuwa bado ninayo. Siku hizi mjini kila kona ina mtu na spika yake anatangaza kwamba muda umekwisha, na watu wazima, wenye akili zao na biashara zao, wanasimama kusikiliza. Wasomi wetu wanasema ni ujinga. Wanapenda sana hilo neno, linawaweka wao pembeni. Mimi niliishi na watu waliongoja kiama, nikala nao, nikaimba nao, na ninasema ujinga haukuwa na kazi kubwa pale. Mtu akiambiwa dunia inaisha haangalii mbinguni. Anaangalia kwanza nyumbani kwake. Akikuta huko kumeshaisha, anaamini, na anaamini kwa furaha, kwa sababu sasa hayuko peke yake tena. Hata mimi mwaka ule niliamini kidogo. Nilikuwa nimefeli mtihani, na nikaona kuwa dunia ikiisha tutakuwa tumefeli wote.

Kijiji sikitaji. Kiko ng'ambo, upande wa Sengerema, pwani kabisa ya ziwa. Nilipelekwa huko kwa shangazi yangu Kwandu; aliyenipeleka na maneno aliyonitolea njiani nayaacha yaozee hukohuko. Shangazi alikuwa mjane. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nje, na hilo jiko ndilo lilikuwa nyumba hasa. Humo alibanika sangara. Unapanga vipande vya samaki juu ya wavu wa chuma, chini unaweka kuni mbichi ili moshi uwe mwingi, na lazima mtu akae hapohapo anageuza, asubuhi mpaka jioni, mwaka hadi mwaka. Moshi ule ulikuwa umemla macho yakawa mekundu kama nyanya. Na kwetu Usukumani mwanamke mzee mwenye macho mekundu hahitaji adui mwingine, macho yenyewe yanatosha kumpeleka kaburini. Kijiji kizima kilikula samaki wa jiko lile, kila mtu alijua macho yale yametoka wapi, na bado akipita njiani wanawake walikuwa wanawavuta watoto wao karibu. Yeye alikuwa anacheka. Mdomo wake haukuwa na breki. "Wakija kuniua, Minza," aliniambia siku moja huku akigeuza samaki, "waambie waje na kuni. Zangu zimekwisha." Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshasikia habari za mabibi waliokatwa mapanga vijiji vya jirani, na tangu siku hiyo nikawa ninatembea naye kila aendako.

Mwaka huo ziwa lilipanda likameza mashamba ya mpunga na vyoo vyote vya upande wa mwalo, kule mitumbwi inakoegeshwa. Magugumaji yakaja yakajaza ghuba mpaka mitumbwi ikashindwa kutoka, na samaki wakaanza kuoza chini yake. Halafu ndigana, ule ugonjwa wa ng'ombe, ikaingia kwenye zizi la Makoye. Wakati ule Makoye alikuwa mwanaume kweli, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, sauti yake ikisikika vijana wanasimama. Ng'ombe wake walianguka mmoja mmoja, povu puani, mpaka zizi likabaki tupu. Kwa Msukuma ng'ombe si mali tu, ndiyo heshima yake, ndiyo wake za wanawe, ndiyo sauti yake kwenye kikao. Nilimwona amekaa mlangoni mwa zizi lile ameshika fimbo ya kuchungia, anapiga nguzo. Alipiga mpaka gome likatoka, mkewe akimwita akale haitiki. Nilipita mbali.

Na kulikuwa na Elikana. Elikana alikuwa fundi wa mitumbwi, kijana bado, mpole, mikono mikubwa. Mkewe na watoto wake wawili walikwenda Nansio, kule Ukerewe, kusalimia, na walipokuwa wanarudi mtumbwi uliopakia machungwa kupita kiasi ukapinduka. Machungwa yalielea mpaka ufukweni kwetu. Watu waliyaokota wakala kabla ya kujua yametoka wapi. Mke alipatikana na mtoto mkubwa alipatikana. Mdogo hakupatikana. Baada ya matanga Elikana hakugusa tena shoka wala randa. Alikaa bandani kwake, kando ya mtumbwi aliokuwa ameuanza, akasoma Neno mchana kutwa, hasa yale ya mwisho wa dunia, na jioni alikuja kula kwetu kwa sababu shangazi alikuwa amemwambia, "Ukilala njaa, mimi ndiye nitakayekuja kukupiga." Tulikula ugali wa muhogo na kichwa cha sangara, au michembe, vile viazi vya kukaushwa, ya kuchemsha na karanga siku ambazo samaki hakuna. Mimi nilikuwa ninakaa chumba cha ndani nikiwaachia mazungumzo yao, lakini ukuta haukufika juu, kila neno lilikuwa linapita.

Jioni moja nikamsikia shangazi anamuuliza, "Basi huo mwisho ukifika, wewe utamtafuta nani kwanza?" Kijiko kikagonga bakuli. Elikana akasema, "Mdogo. Yule alikuwa anaogopa maji, mama. Hata kuoga alikuwa analia. Sasa yuko humo." Shangazi hakumjibu kwa Neno wala kwa methali. Nilisikia anamwongezea ugali. "Kula," alisema. "Kula, baba." Nilibana mdomo kwenye shuka ili nisisikike, kwa sababu nilikuwa ninalia kuliko yeye.

Elikana alianza kuhubiri bandani mwake, amesimama ndani ya ule mtumbwi usiokwisha, na alikuwa na kipaji, siwezi kumnyima. Hakupayuka. Alisema kwa sauti ya mtu anayekuonesha njia ya kwenda kisimani: ziwa limepanda, mifugo imekufa, samaki wameoza, sasa limebaki moja tu. Makoye alikuwa wa kwanza kuja, akapiga magoti mbele ya watu wote, mwanaume aliyekuwa hapigi magoti kwa mtu. Baada ya Makoye wakaja waliokuwa wanamfuata Makoye. Kisha Elikana akataja siku, Jumapili ya mwisho wa masika, na akasema anayelima anamwita Mungu mwongo. Basi majembe yakawekwa chini. Mimi sijawahi kuona furaha kama ya miezi ile! Watu walichinja mbuzi wa uzazi. Walipika wali siku za katikati ya wiki. Waliokuwa hawasemezani walisemezana. Mke wa Makoye aliniambia, huku analamba mafuta vidoleni, "Afadhali uishe sasa bado nina meno." Tulicheka, tukaimba, na mvua ikanyesha juu ya mashamba yaliyojaa majani.

Shangazi peke yake alilima. Alikodi jembe la ng'ombe kutoka kijiji cha pili, na matuta ambayo ng'ombe hawakumaliza akayamalizia kwa mkono, akapanda marando ya viazi mpaka karibu na njia ambako kila mtu alimwona. Makoye akaja kumuonya, wakati huo bado kwa adabu. "Mama, unawakwaza watu." Shangazi alikuwa ameinama, hakunyanyuka. "Makoye, Mwenyezi Mungu akija akakuta nimepanda viazi atakasirika? Si atakula?" "Unafanya mzaha." "Sifanyi mzaha, ninafanya tuta. Sogea, umekanyaga rando." Nilimvuta kanga nikamwomba aache, tulime usoni mwa watu siku nyingine, au tusilime kabisa. Nilimwambia wazi kwamba watamuua. Aliinuka akanitazama kwa macho yale yaliyoungua. "Na usipolima wanakuacha uishi milele?" alisema. Nikachukua jembe.

Jumapili ilipofika tulikwenda ufukweni kabla jua halijachomoza, wote tumejifunga mashuka meupe, watoto mbele. Shangazi naye alikuja. Alisema haendi kuamini, anakwenda kumwangalia Elikana. Tuliimba. Jua likatoka kama kawaida yake. Watoto wakaomba maji wakanyimwa, kisha wakaomba chakula wakachapwa. Mchana ukapita. Alasiri, kutoka upande wa Ukerewe, likaonekana wingu limesimama juu ya maji, jeusi, refu, linajizungusha na kuja kwetu. Watu walianguka kifudifudi. Wavuvi, watu waliozaliwa juu ya ziwa hili, walianguka! Makoye alikuwa anapiga kelele, "Nipo hapa! Nipo hapa!" Mimi nilijikojolea, kwa nini nifiche. Na wingu likatufikia, na lilikuwa vijidudu vya ziwani, vile vinavyopanda kama moshi kila baada ya muda, ambavyo hata mtoto wa darasa la kwanza anavijua. Viliingia midomoni tukiwa tunaimba. Viliingia puani na machoni, vikajaa kwenye yale mashuka meupe yakawa ya kijivu. Watu walikuwa wanatema. Hakuna aliyecheka. Elikana aliingia ziwani mpaka maji yakamfika magotini, akasimama anaangalia mahali wingu lilipotokea, na shangazi akaenda akamshika mkono kumrudisha nchi kavu.

Sasa sikiliza walivyofikiri, maana hapo ndipo penye kisa chote. Kama wangekuwa wajinga wangesema basi, tumedanganywa, wakaenda kulala. Lakini wangerudi kwenye nini? Makoye arudi kwenye zizi tupu? Na sisi watu wa huku tuna elimu yetu ya zamani: mvua ikikosekana, haikukosekana, kuna mtu kaifunga. Kuna mzee mahali fulani kaificha ndani ya chungu. Hilo kila mtu alilinyonya na maziwa ya mama. Basi kama mvua hufungwa, mwisho wa dunia nao hufungwa, na wa kuufunga ni yule aliyetaka viazi vyake viive. Walikubaliana hivyo nyumbani kwa Makoye, na Jumatatu asubuhi, shangazi akiwa ndiyo kwanza anawasha moto, uwanja ukajaa.

Walimshika Elikana mbele yao, si kwa ubaya, kama mtu anayeletwa kutoa hukumu. Mashuka bado viunoni. Mapanga, marungu, na mwanamke mmoja alikuwa na mwiko. Shangazi akatoka jikoni anapangusa mikono. "Karibuni," alisema. "Mmeamkaje?" Makoye akamkata hapohapo. Hakumwitikia hata salamu. Panga lilishuka akainua mkono kujikinga, na nikauona mkono umekatika juu ya kifundo, umening'inia kwa ngozi, na damu ikaruka ikampata Makoye shingoni. Shangazi hakulia. Alikaa chini taratibu, kama mtu anayekaa kumenya viazi, akaukamata ule mkono kwa mkono wa pili. Mimi nikapiga yowe. Kwetu yowe likipigwa hakuna kuuliza: kila mwenye nguvu anashika silaha anakimbilia linakotoka, na asiyekimbia anatozwa faini, na jirani hamwazimi moto. Nilipiga yowe mpaka koo likachanika. Hakuja mtu. Wote waliopaswa kuja walikuwa wamesimama mbele yangu wameshika silaha, na kamanda wao ndiye aliyekuwa anafuta panga kwenye shuka. Nilimrukia, nikamng'ata sikio, akanipiga ubapa wa panga usoni nikaanguka. Jino langu hili la mbele ni la kuwekwa.

"Mtumishi," Makoye alimwambia Elikana, anahema. "Sema. Tumalize. Ni huyu aliyeufunga?" Nilikuwa chini, mdomo umejaa damu, ninamwona Elikana usoni. Angeitikia kwa kichwa tu. Angeitikia, shangazi angekatwakatwa pale, na yeye angebaki na waumini wake, angetaja siku nyingine, na mtoto wake angekuwa bado yuko njiani anakuja. Alimtazama shangazi, damu imeshajaa kwenye kanga yake. Shangazi akamwambia kwa sauti ndogo, "Elikana, usinitazame hivyo, baba. Sema ukweli wako." Na yeye akasema. Alisema kwa sauti ileile ya bandani, kila mtu akasikia.

"Hakuna aliyeufunga. Haukuwa unakuja. Ulikuwa mwisho wangu mimi, wa nyumba yangu. Niliwagawia ninyi kwa sababu kuubeba peke yangu kulinishinda. Nendeni mkalime."

Rungu la kwanza lilimpata mgongoni. Sijui lilikuwa la nani. La pili lilimpata kichwani, na baada ya hapo hakuna aliyekuwa anahesabu wala kuchagua, wanaume na wanawake, yule wa mwiko naye. Walimpiga kwa hasira ambayo hawakuwa nayo kwa shangazi. Shangazi walimwona mchawi, na mchawi tumemzoea. Yeye alikuwa amewanyang'anya kiama chao. Hakujikinga. Nilisikia mifupa, na nilisikia Makoye analia kwa sauti huku anapiga, anasema, "Rudisha! Rudisha!" Shangazi alijaribu kutambaa kwenda kumfunika, nikamlalia juu kwa uzito wangu wote nisimwachie. Alinitukana matusi ambayo sijawahi kuyasikia tena maishani. Elikana alikufa jua likiwa halijafika juu ya paa. Walipoona haguswi tena na maumivu waliacha, wakasimama wanatazamana, mashuka yamelowa. Kisha mke wa Makoye akasema, "Jamani, mbuzi hawajafunguliwa," na wakatawanyika.

Nilimfunga shangazi mkono kwa kanga na kamba ya wavu, nikamwomba mzee mmoja wa kijiji cha pili, yule mwenye jembe la ng'ombe, atupeleke hospitali kwa mkokoteni wake. Polisi walikuja baadaye. Waliondoka na watu wachache, na hao wachache walirudi, Makoye akiwa wa mwisho kurudi, amekonda, anasalimia watu. Shangazi alipona akabaki na mkono mmoja, akaishi nami mjini mpaka alipozeeka akafa kitandani, na hata siku moja hakutaja jina la Makoye. Lakini hayo ni ya baadaye. Ninachotaka kukisema ni kile tulichokiona mchana ule tukiwa njiani. Mkokoteni ulipopanda kilima cha kutokea kijijini nilimwinua kichwa nimpe maji, na tukaona mashamba yote mara moja. Watu walikuwa wanalima. Wote. Walikuwa na yale mashuka viunoni, damu haijakauka, wanainua majembe na kuyashusha kwa haraka, mume na mke tuta moja, watoto wanabeba marando waliyoyakata kwenye shamba letu, kwa sababu masika yalikuwa yanakwisha na hakuna aliyekuwa na chakula cha mwaka unaofuata. Makoye alikuwa peke yake kwenye shamba la chini, bila ng'ombe, anachimba kwa mkono. Walikuwa wamemuua Elikana kwa kusema, na walikuwa wamemwamini.

Shangazi aliwatazama mpaka mkokoteni ukaanza kushuka upande wa pili. Hapo ndipo alipolia, yeye ambaye hakulia alipokatwa, alilia mpaka mzee akasimamisha ng'ombe.

"Si wangelima jana," alisema. "Si wangelima jana tu, Minza, mtoto wa watu angekuwa hai."